Maneno ya mkopo wa nyumba yananichanganya: naomba ufafanuzi kabla sijatia saini

MnunuziWaKwanza

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimekubaliana bei na mtu anayeuza nyumba ambayo ningependa kuinunua kwa mkopo wa benki, na sasa mezani kwangu kuna karatasi tatu: barua ya benki inayoeleza masharti ya mkopo, taarifa ya mthamini, na rasimu ya mkataba wa mauzo. Nimezisoma zote zaidi ya mara mbili. Kila sentensi ikisimama peke yake naielewa, lakini nikijaribu kuziunganisha sijui hasa nitadaiwa kiasi gani, wala nyumba itahesabika kuwa ya nani katika miaka yote hiyo ya kulipa.

Barua ya benki inasema kwamba mkopo hautazidi asilimia 80 ya thamani, kwamba riba ni ya kubadilika, kwamba marejesho yatakuwa sawa kila mwezi, na kwamba nyumba itawekwa rehani ya kwanza. Inataja pia ada ya kulipa mapema, jambo lililonishangaza kwa sababu siku zote nilidhani mdai hufurahi akilipwa upesi. Taarifa ya mthamini ina thamani mbili za nyumba ileile, moja ikiwa ndogo sana kuliko nyingine, na hakuna hata moja inayolingana na bei tuliyopatana. Rasimu ya mkataba nayo inazungumzia upekuzi, zuio na muda uliosalia wa hati. Naomba mwenye ujuzi anifafanulie kwa lugha ya kawaida, na kama kuna hesabu asiache kuiweka, kwa kuwa hesabu haziniogopeshi kama maneno yanavyoniogopesha.

DawatiLaMikopo

Ndugu mnunuzi, nimestaafu baada ya miaka mingi ya kushughulikia mikopo ya nyumba, kwa hiyo nitajibu upande wa benki na kuwaachia mawakili na wathamini mambo yao. Nianze na hesabu, kwa kuwa ndiko wakopaji wengi wanakoumia bila kujua wameumizwa na nini.

Chukua mkopo wa milioni 100, kwa sarafu yoyote upendayo, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka na muda wa miaka 20. Hizo milioni 100 ndizo deni la msingi, yaani fedha uliyokopeshwa kabla ya riba. Riba ya asilimia 12 kwa mwaka ni asilimia 1 kwa mwezi, na kila mwezi hukokotolewa juu ya salio la deni la msingi lililobaki siku hiyo. Ili deni liishe baada ya miezi 240 kwa malipo yaliyo sawa, rejesho lako litakuwa takriban 1,101,086 kila mwezi.

Sasa angalia rejesho la mwezi wa kwanza linavyogawanyika. Riba ya mwezi huo ni asilimia 1 ya milioni 100, ambayo ni 1,000,000 kamili, na kinachobaki kwa ajili ya kupunguza deni lenyewe ni 101,086 tu. Mwezi wa pili riba hushuka kidogo hadi 998,989, na deni la msingi hupunguzwa kwa 102,097. Rejesho ni lilelile, lakini ndani yake kuna sehemu mbili zinazobadilishana nafasi polepole sana, kiasi kwamba katika mfano huu utapita mwaka wa 14 ndipo sehemu inayopunguza deni itakapoizidi sehemu ya riba. Ukiamua kuuza nyumba baada ya miaka 5, utakuwa umeshatoa zaidi ya milioni 66, na bado benki itakudai karibu milioni 91.7. Nimewaona watu wazima wakitokwa na machozi mbele ya dawati langu kwa kudhani benki imewaibia, ilhali jedwali la marejesho waliloshindwa kulisoma siku ya kwanza lilikuwa limeandika kila kitu. Omba jedwali hilo, la miezi yote 240, kabla hujatia saini.

Kwa sababu hiyohiyo, muda wa mkopo una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mkopo huohuo ukilipwa kwa miaka 15 badala ya 20, rejesho linapanda hadi takriban 1,200,168, na jumla ya riba inashuka kutoka milioni 164.3 hadi milioni 116. Kwa maneno mengine, mtu anayechukua miaka 20 na kuongeza 100,000 kila mwezi kwa hiari yake atamaliza ndani ya miaka 15 na kuokoa takriban milioni 48, mradi mkataba unamruhusu kulipa ziada bila ada na ziada hiyo inapelekwa moja kwa moja kwenye deni la msingi. Uliza masharti hayo mawili pamoja. Ukilipa ziada ikawekwa tu pembeni kusubiri rejesho la mwezi ujao, haitakusaidia chochote.

Hapo ndipo inapoingia ada ya kulipa mapema iliyokushangaza. Benki inapokukopesha kwa miaka 20, huwa nayo imetafuta fedha kwa watu wengine na kupanga mapato yake kwa kutegemea riba yako. Ukilipa ghafla, mapato hayo hukatika, na ada ni namna ya kujifidia. Ada yenyewe hutofautiana sana: wengine hutoza asilimia fulani ya kiasi kinacholipwa, wengine riba ya miezi kadhaa, wengine huiondoa kabisa baada ya miaka michache ya mwanzo. Inajadilika, na wakati wa kuijadili ni sasa, kabla ya saini.

Kuhusu riba ya kubadilika, elewa kwamba huundwa na vipande viwili. Kuna riba rejea, ambayo hupangwa au kupimwa nje ya mkataba wenu na hupanda na kushuka na hali ya fedha sokoni, na kuna nyongeza ya benki, ambayo kwa kawaida hubaki ilivyo. Katika mfano wetu, riba ikipanda mapema kutoka asilimia 12 hadi 14, rejesho linaruka kutoka 1,101,086 hadi takriban 1,243,500. Kabla ya kusema unaweza kulimudu rejesho la leo, jiulize kama utalimudu hilo la pili. Soma pia kifungu kinachoeleza kitakachotokea ikiwa riba rejea yenyewe itafutwa. Usidhani ni jambo la kufikirika, maana riba rejea ya London iliyojulikana kama LIBOR ilitumika kwa miongo kadhaa katika mikopo duniani kote, kisha matoleo yake makuu ya dola yakakoma katikati ya 2023, na mikataba ambayo haikutaja mbadala iliwasumbua waliokuwa nayo.

Mpangaji_Mkongwe

Kwa heshima zote, mzee wetu wa dawati anamtisha huyu ndugu bure. Kuna wakopeshaji wanaotoza asilimia 8 tu kwa riba bapa, ambayo haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa nini mtu achukue asilimia 12 inayopanda na kushuka wakati kuna asilimia 8 iliyotulia? Mimi nilipewa milioni 10 kwa miaka 5, nalipa 233,333 kila mwezi, na sijawahi kuhitaji jedwali.

DawatiLaMikopo

Ndugu yangu Mpangaji, nashukuru kwa kuleta mfano wenye tarakimu, kwa sababu unathibitisha kile ninachokihofia. Riba bapa hukokotolewa juu ya mkopo wote wa awali hadi siku ya mwisho, hata baada ya wewe kurudisha sehemu kubwa yake. Asilimia 8 ya milioni 10 ni 800,000 kwa mwaka, na kwa miaka 5 ni milioni 4. Mwezi wa mwisho kabisa, ukiwa umebakiza kipande kidogo tu cha deni, bado unatozwa riba kana kwamba milioni 10 zote ziko mfukoni mwako.

Ungekopa milioni 10 hizohizo kwa miaka 5 kwa asilimia 12 inayokokotolewa juu ya salio linalopungua, rejesho lingekuwa takriban 222,444, na riba yote ingefika kama milioni 3.35. Asilimia 8 yako, basi, ni ghali kuliko asilimia 12 ya mwenzako. Ukiipima kwa kipimo kilekile cha salio linalopungua, ni zaidi ya asilimia 14. Mtu akikutajia riba bila kukuambia inakokotolewa juu ya nini, bado hajakuambia kitu. Ndiyo maana nchi nyingi zinawataka wakopeshaji kutangaza gharama halisi ya mkopo kwa mwaka, yaani kiwango kimoja kinachojumuisha riba pamoja na ada za lazima, ili mikopo miwili iweze kulinganishwa. Uliza kiwango hicho, na kama hakipo, uliza jumla ya fedha zote zitakazotoka mfukoni mwako hadi siku ya mwisho.

Nikubaliane nawe katika jambo moja: utulivu wa rejesho una thamani yake. Lakini riba isiyobadilika na riba bapa ni vitu viwili tofauti. Riba inaweza kuwa haibadiliki kiwango na bado ikakokotolewa juu ya salio linalopungua, na kwa wengi huo ndio mchanganyiko wa kutafuta.

Mpangaji_Mkongwe

Nimekaa na kikokotoo. Nakiri sikujua. Naendelea kusoma.

KalamuYaWakili

Mimi ni wakili wa masuala ya ardhi, na nitazungumza kwa ujumla kwa kuwa sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo maneno yangu yasichukue nafasi ya wakili wako mwenyewe. Nasisitiza kwamba awe wako, kwa sababu wakili anayeandaa hati za mkopo mara nyingi huwa ni wa benki, hata kama gharama yake unalipa wewe.

Umeuliza nyumba itakuwa ya nani. Itakuwa yako, lakini ikiwa na mzigo. Neno rehani huwachanganya watu kwa sababu katika matumizi ya kila siku, ukiweka rehani pete au saa, mkopeshaji huichukua na kukaa nayo. Katika rehani ya nyumba wewe unaendelea kuishi humo au kuipangisha kadiri mkataba unavyoruhusu, na benki inabaki na haki iliyosajiliwa juu ya hati. Wewe ndiwe mweka rehani, benki ndiyo mpokea rehani. Zamani huko Uingereza haikuwa hivi: mkopaji alimhamishia mdai ardhi yenyewe, na siku ya kulipa ikimpita, hata kwa muda mfupi, aliweza kuipoteza moja kwa moja. Kufikia karne ya 17 mahakama za haki, yaani zile zilizoamua kwa kuangalia uadilifu badala ya kushikilia kanuni kavu za sheria, zilikuwa zimeanza kumruhusu mkopaji kuikomboa mali yake hata baada ya siku hiyo kupita, mradi alipe deni na riba. Haki hiyo ya ukombozi imerithiwa na sheria za nchi nyingi, na kifungu cha mkataba kinachojaribu kuifuta kabisa huwa hakina nguvu mahakamani.

Rehani ya kwanza maana yake ni zamu ya kulipwa. Tuseme nyumba imeuzwa kwa mnada na kupatikana milioni 90, huku mwenye rehani ya kwanza akidai milioni 70 na mwenye rehani ya pili akidai milioni 40. Wa kwanza huchukua 70 zake zote, wa pili huambulia 20, na milioni 20 anazobaki akidai hazifutiki eti kwa sababu nyumba imeshauzwa. Katika nchi nyingi unabaki unadaiwa wewe binafsi, na mdhamini wako pamoja nawe. Kwa hiyo ndugu akikuomba umdhamini, fahamu kwamba unaahidi kulipa, hata kama wewe hukupata chumba kimoja katika nyumba hiyo. Mkopaji mwenza yuko tofauti kidogo, kwa kuwa yeye anadaiwa tangu siku ya kwanza na si baada ya mwingine kushindwa.

Upekuzi ni uchunguzi rasmi wa daftari la msajili wa ardhi, na lengo lake ni kujua nani ameandikwa kuwa mmiliki na ni mizigo gani imesajiliwa juu ya hati hiyo. Katika nchi zinazofuata mfumo ulioanzishwa na Robert Torrens kule Australia Kusini mwaka 1858, daftari ndilo chanzo cha haki, na karatasi aliyoishika muuzaji ni nakala tu ya kilichomo. Hati inaweza kuwa safi mkononi mwake huku daftari likiwa na rehani, amri ya mahakama au zuio. Zuio ni tangazo lililosajiliwa na mtu anayedai kuwa na maslahi katika mali hiyo, ili isihamishwe kabla ya yeye kusikilizwa. Fanya upekuzi mara mbili, mara moja kabla ya kutia saini na mara nyingine karibu na siku ya kulipa, kwa kuwa mambo hubadilika katikati.

Muda uliosalia wa hati unahusu umiliki wa muda maalumu, ambapo unamiliki kwa miaka iliyotajwa na si milele. Kama hati ilitolewa kwa miaka 99 na imesalia 30, unanunua miaka 30 pamoja na matumaini ya kuongezewa. Benki haitapenda kutoa mkopo wa miaka 20 juu ya hati iliyobakiza 22, na mnunuzi atakayekuja baada yako hatapenda pia.

Kama mnanunua wawili, amueni mapema ni umiliki wa aina gani. Katika sheria nyingi zenye asili ya Uingereza, chini ya umiliki wa pamoja, mmoja akifariki sehemu yake humwendea aliyebaki bila kupitia mirathi, na chini ya umiliki wa hisa, sehemu ya marehemu huenda kwa warithi wake. Kosa la neno moja kwenye fomu ya uhamisho limezaa kesi nyingi za kifamilia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote niliyoyasema. Umesema mthamini ametoa thamani isiyolingana na bei. Fungua rasimu ya mkataba wa mauzo uone kama kuna kifungu kinachosema kwamba ununuzi unategemea wewe kupata mkopo wa kiasi fulani, na kwamba usipoupata utarudishiwa malipo ya awali. Kama hakipo, benki inaweza kukupa pungufu kwa haki kabisa, muuzaji akakudai bei kamili kwa haki kabisa, na pengo likakuangukia wewe. Dai kifungu hicho, na dai pia kwamba malipo ya awali yashikiliwe kwenye akaunti ya amana ya wakili hadi masharti yatimie, badala ya kukabidhiwa muuzaji mkononi.

KipimoChaMthamini

Nimpokee wakili hapo alipoishia, kwa kuwa pengo hilo ndilo tunalolaumiwa sisi wathamini kila siku.

Bei ni makubaliano ya watu wawili. Thamani ya soko ni makadirio ya kiasi ambacho mali ingeuzwa kati ya mnunuzi na muuzaji wasiolazimishwa, wenye taarifa za kutosha, baada ya mali kutangazwa kwa muda wa kutosha. Thamani ile ndogo uliyoiona bila shaka ni ya mauzo ya lazima, yaani kiasi kinachotarajiwa kama benki italazimika kuuza kwa haraka bila kusubiri mnunuzi mzuri. Si tusi kwa nyumba yako. Ni jibu la swali ambalo benki inajiuliza usiku.

Benki nyingi hukokotoa asilimia ya mkopo juu ya kile kilicho kidogo kati ya bei na thamani ya soko, na baadhi hutumia thamani ya mauzo ya lazima, kwa hiyo uliza ni ipi. Tuseme mmepatana milioni 125. Asilimia 80 yake ni milioni 100, na kianzio chako ni milioni 25. Mthamini akisema thamani ni milioni 110, asilimia 80 inakuwa milioni 88, na ghafla unatakiwa uwe na milioni 37 kwa sababu muuzaji bado anasubiri 125 zake. Unaweza kurudi kwake na taarifa yetu kuomba apunguze bei, na mara nyingi hupunguza, kwa kuwa mnunuzi ajaye atakutana na mthamini mwingine mwenye hesabu zinazofanana.

Usimwambie mthamini kwamba amekosea kwa sababu tu bei ni kubwa zaidi. Kwa nyumba ya kuishi, sisi huanza na mauzo ya nyumba zinazofanana zilizouzwa karibuni, kisha tunarekebisha kwa ukubwa, hali na mahali. Kama unajua mauzo ambayo hatukuyaona, lete ushahidi wake na tutauangalia. Mali ya kupangisha hupimwa pia kwa kodi inayoingiza, na jengo lisilo na mfano wake sokoni hupimwa kwa gharama ya kulijenga ukitoa uchakavu.

Kuna thamani ya tatu ambayo pengine imo kwenye taarifa yako na hujaiona: gharama ya kujenga upya, kwa ajili ya bima. Haihesabu kiwanja, kwa sababu kiwanja hakiungui. Ukikata bima kwa bei ya ununuzi, huenda unalipia ardhi bure, na ukikata kwa kiasi kidogo kuliko gharama ya kujenga, kampuni ya bima inaweza kukupunguzia fidia hata kwa hasara ndogo.

Mwisho kwa upande wangu, sehemu yako ndani ya nyumba ni thamani ya soko ya leo ukitoa salio la deni. Mtu aliyenunua kwa 125 na kukopa 100 ana 25 zake. Soko likishuka hadi 95 katika mwaka wa pili, anadaiwa kuliko nyumba inavyothaminiwa, na hawezi kuuza bila kuongeza fedha kutoka mfukoni. Kianzio kikubwa ni kinga dhidi ya hali hiyo, na ndiyo sababu mojawapo benki hukidai.

NimemalizaDeni

Niongeze kisa kifupi. Nilimaliza kulipa mkopo wangu, nikapewa barua ya pongezi, nikaiweka kabatini nikidhani mambo yamekwisha. Miaka minne baadaye nilitaka kuuza, upekuzi ukaonyesha rehani bado imesajiliwa. Mkopeshaji alikuwa ameshabadilisha mfumo wake wa kumbukumbu, na ilinichukua miezi saba na mnunuzi mmoja aliyekata tamaa kupata hati ya kufuta rehani na kuisajili. Barua ya kumaliza deni haiondoi kitu kwenye daftari. Kinachoondoa ni hati ya kufuta rehani iliyotiwa saini na mkopeshaji na kupelekwa kwa msajili, na unapaswa kuifuatilia mwenyewe wiki uliyolipa rejesho la mwisho.

AsiyetakaRiba

Kwa wale ambao imani yao haiwaruhusu kulipa riba, msamiati ni mwingine na ni vizuri uwemo katika mazungumzo haya. Katika murabaha benki hununua nyumba kisha inakuuzia kwa bei ya juu iliyotajwa wazi, nawe unalipa kwa mafungu, na bei hiyo haipandi hata ukichelewa. Katika ijara benki inabaki mmiliki, unalipa kodi, na umiliki unahamia kwako mwishoni. Katika musharaka inayopungua mnanunua pamoja, unalipa kodi kwa sehemu ya benki huku ukiinunua sehemu hiyo kidogo kidogo. Ushauri wa wakili kuhusu upekuzi na malipo ya awali unatumika vilevile hapa, na katika mbili za mwisho uliza pia nani anagharimia matengenezo makubwa na bima wakati benki bado ni mmiliki.

MnunuziWaKwanza

Nimewasoma wote kwa utulivu na nawashukuru kwa dhati. Nimeifungua tena rasimu ya mkataba: kifungu cha kutegemea mkopo hakimo, na malipo ya awali yanatakiwa yaende moja kwa moja kwa muuzaji. Nimemwandikia wakili, ambaye sasa ni wangu na si wa benki, ayaingize yote mawili. Thamani ya soko iko chini ya bei kwa takriban asilimia 9, kwa hiyo nitarudi kwa muuzaji nikiwa na taarifa ya mthamini.

Limebaki neno moja. Barua ya benki inanipa kipindi cha neema cha miezi 6 ya mwanzo ambapo sitadaiwa marejesho. Nilifurahi nilipolisoma, lakini baada ya majibu yenu nimeanza kulitilia shaka. Je, ni zawadi?

DawatiLaMikopo

Inategemea riba ya miezi hiyo inakwenda wapi, kwa sababu kutodaiwa rejesho hakumaanishi kwamba riba imesimama. Wakikuambia kwamba katika miezi hiyo utalipa riba peke yake, basi kwa mfano wetu utatoa 1,000,000 kila mwezi, na mwezi wa saba deni litakuwa milioni 100 zilezile. Wakikuambia hutalipa chochote na riba itaongezwa kwenye deni, basi mwezi wa saba utaanza na deni la takriban 106,152,000, na rejesho la miezi 240 inayofuata litakuwa kama 1,168,800 badala ya 1,101,086. Neema ya namna ya pili ina maana kwa mtu anayejenga na bado analipa kodi mahali pengine, au anayesubiri fedha fulani iingie. Kwa anayehamia mara moja na ana mshahara wake, kwa kawaida haina maana, na unaweza kuomba iondolewe. Muulize afisa ni ipi kati ya hizo mbili, na akupe jibu kwa maandishi pamoja na jedwali jipya la marejesho.